Kwa nini Wahindu wengi hawali nyama: maelezo kutoka Ahmedabad

Ndugu watazamaji wangu wa nyumbani, wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo. Leo ninazungumza nanyi kutoka Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat nchini India, na ninataka kulijibu swali ambalo wengi wenu mmeniuliza: je, ni kweli kwamba Wahindu hawali nyama kwa sababu wanaabudu ng'ombe? Kwa maoni yangu, heshima ya ng'ombe ni tawi tu la jambo hili, na shina lake ni imani kuhusu roho.

Mafundisho ya Kihindu yanasema kwamba roho haimo ndani ya mwanadamu peke yake, bali imo pia ndani ya mnyama, nayo huzaliwa, hufa na kuzaliwa tena katika miili mbalimbali kufuatana na matendo yake. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, katika sura ya 5, inasema kwamba wenye hekima huwatazama kwa jicho moja Brahmin msomi (mtu wa tabaka la makuhani), ng'ombe, tembo, mbwa, na hata mtu anayekula mbwa. Anayeamini hivyo hawezi kuona kuchinja kuwa jambo dogo, kwa sababu uchungu anaomtia kiumbe mwingine utakuja kumrudia, na hapo ndipo ulipojengwa msingi wa kutodhuru, yaani ahimsa.

Ng'ombe ana nafasi yake ya pekee. Mungu Krishna alilelewa miongoni mwa wachungaji wa ng'ombe, maziwa na samli hutumika katika ibada, na ng'ombe huitwa mama kwa kuwa huwanyonyesha hata watoto wasio wake. Katika nyumba nyingi za hapa, chapati ya kwanza kutoka jikoni hutengwa kwa ajili ya ng'ombe na ya mwisho kwa ajili ya mbwa. Kwenye mitaa ya kale ya mji huu utaona pia chabutro, mnara mdogo uliochongwa kwa ustadi, ambako wakazi huweka nafaka ili njiwa na kasuku wale bila kusumbuliwa na paka. Mimi napenda kusimama hapo asubuhi, maana imani ambayo vitabuni huelezwa kwa maneno mazito, hapo naiona katika kiganja cha mtama.

Hata hivyo, msidhani kwamba kila Mhindu yuko hivyo. Katika utafiti wa taasisi ya Pew uliotolewa mwaka 2021, asilimia 44 tu ya Wahindu wa India walisema kwamba hawali nyama kabisa, na wengi kati ya wanaokula huiacha katika siku fulani za wiki au katika mwezi mtukufu wa Shravan. Huko Bengal samaki ni chakula cha heshima hata kwa Mabrahmin, Mapandit wa Kashmir, ambao nao ni Mabrahmin, wanasifika kwa mapishi yao ya nyama ya kondoo, na katika hekalu la Kalighat mjini Kolkata mbuzi hutolewa kafara kwa mungu Kali. Gujarat imekuwa kali zaidi kwa sababu ya nguvu ya wafuasi wa mungu Vishnu na majirani zao Wajaini, watu wa dini nyingine ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote. Wahindu wengi waliokuja Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam walitoka huku huku, Gujarat na Kutch, na naamini ndiyo maana sisi tulichukua desturi ya jimbo moja tukaifanya kuwa ya dini nzima.

Mahatma Gandhi, mzaliwa wa Porbandar hapa Gujarat, aliandika kwamba akiwa kijana alionja nyama ya mbuzi kwa siri, kwa kuwa rafiki yake alimshawishi kwamba Waingereza wanatawala kwa nguvu ya nyama, na usiku ule alihisi kama mbuzi hai analia tumboni mwake. Kabla ya kusafiri kwenda London mwaka 1888 alimwapia mama yake kwamba hataigusa nyama, na ni huko London alikokuja kuikataa kwa hoja zake mwenyewe.

Kuna jambo linaloniumiza, na siwezi kulipita. Tangu mwaka 2017 sheria ya Gujarat inaruhusu kifungo cha maisha kwa anayechinja ng'ombe, na mwaka mmoja kabla yake, katika mji wa Una, vijana wa Dalit, jamii inayowekwa chini kabisa katika matabaka ya Kihindu, walichapwa hadharani kwa kuchuna ngozi ya ng'ombe aliyekwisha kufa. Ahimsa inamhusu pia mwanadamu, na wapo Wahindu wengi hapa wanaolisema hilo waziwazi.

Kwa wale mnaokuja kusoma huku, angalieni alama kwenye pakiti ya chakula: duara la kijani ndani ya mraba maana yake hakuna nyama wala mayai. Nanyi mlio nyumbani, mkimwalika Mhindu, muulizeni mapema kama anakula mayai, vitunguu maji na vitunguu saumu, kwa kuwa wapo wasiovigusa, na mtengeeni sufuria na mwiko ambavyo havijawahi kupikia nyama.