Waliotoka Afrika na Waliobaki

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jinsi binadamu alivyoenea duniani, na naanza na lalamiko. Darasani tunamfundisha mwanafunzi fuvu la Zinjanthropus, lile alilolipata Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Tunataja zana za mawe, tunataja moto, halafu hao! Tumeshafika kwenye kilimo, chuma na kuenea kwa Wabantu. Zinjanthropus mwenyewe si babu yetu. Ni tawi la pembeni lililokauka. Na pale tunaporuka ndipo ilipo habari ya watu kama mimi na wewe.

Masalia ya kale kabisa ya watu wa aina yetu yametoka Jebel Irhoud, Moroko, na yana miaka 300,000 hivi. Fuvu la Florisbad, Afrika Kusini, lina kama 260,000. Yale ya Omo Kibish, Ethiopia, yamepita 200,000. Itazameni ramani: kaskazini, kusini, mashariki. Kwa hiyo tusimtafutie binadamu kijiji kimoja cha kuzaliwa. Watu waliishi kwa makundi katika bara zima. Jangwa likipanuka wanatengana, mvua ikirudi wanakutana na kuoana. Sisi ni zao la kukutana huko.

Walianza lini kutoka? Mapema sana, na hawakutoka mara moja. Taya lililopatikana katika pango la Misliya, Mlima Karmeli, Israeli, lina takriban miaka 180,000. Katika jangwa la Nafud, Saudia, pamepatikana mfupa wa kidole cha mtu wenye miaka zaidi ya 85,000, na karibu yake mifupa ya viboko. Viboko Saudia! Dunia inapolizunguka jua huwa inayumba polepole kwa maelfu ya miaka, na mvua za kusi nazo zinapanda kaskazini na kushuka. Zikipanda, Sahara na Bara Arabu huota nyasi na kuwa na maziwa, wanyama wanasogea, na wawindaji wanawafuata. Mvua zikishuka, njia inafungwa. Wengi wa wasafiri hao wa mwanzo walipotea; katika damu ya watu walio hai leo alama yao ni ndogo mno, kama ipo.

Wimbi lililojaza dunia lilitoka kati ya miaka 60,000 na 50,000 iliyopita. Kama walipitia Sinai au walivuka Bab el Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu wenye upana wa kilomita 30 hivi leo, wataalamu bado wanabishana. Siku zile maji mengi kuliko leo yalikuwa yameganda kuwa barafu, bahari ikashuka, na mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Huko mbele waliwakuta Waneandathali, watu wa aina nyingine walioishi Ulaya na Asia, wakazaa nao, ndiyo maana watu wenye asili ya nje ya Afrika wana wastani wa asilimia 2 hivi ya vinasaba vya Neandathali. Baadaye wakafika Australia kwa vyombo vya majini, kisha Siberia, kisha Marekani zote mbili.

Waliotoka walikuwa wachache, na uchache huo unaonekana hadi leo. Chukua gunia la maharage mchanganyiko, chota bakuli moja: rangi nyingine zimebaki guniani. Katika bakuli chota kikombe: zimepungua tena. Ndivyo ilivyokuwa. Kadiri watu wanavyokaa mbali na Afrika ndivyo tofauti za vinasaba kati yao zinavyopungua. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walichunguza vinasaba vinavyorithiwa kwa mama pekee vya watu 147 wa asili mbalimbali, wakitumia hasa makondo ya nyuma. Mti wa ukoo walioupata ulikuwa na shina Afrika.

Sasa waliobaki. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu masimulizi mengi huwafuata wasafiri na kuliacha bara kama kituo cha basi ambacho abiria wameshaondoka.

Kilifi, kilomita 15 hivi kutoka baharini, kuna pango la Panga ya Saidi. Humo alizikwa mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, miaka 78,000 iliyopita. Alichimbiwa shimo, akalazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi mifupa ya mabega na mbavu ilivyokaa inaonyesha alifungwa kitu mwilini, jani au ngozi; na fuvu lilivyoinama laonyesha aliwekewa kitu cha kuegemeza kichwa ambacho baadaye kilioza. Mifupa ilikuwa laini mno, ikabidi wachimbaji wakate udongo mzima, waupake plasta na kuupeleka Nairobi, kisha Burgos, Hispania. Habari ilichapishwa mwaka 2021, na ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu linalojulikana Afrika. Wakampa jina Mtoto. Aliyemwekea mto alikuwa na huzuni ninayoifahamu, na aliishi zaidi ya miaka 15,000 kabla ya lile wimbi kubwa kutoka. Basi tusimwambie mwanafunzi kwamba utu uliamkia kwenye mapango ya Ufaransa.

Na kwetu Tanzania? Magubike kule Iringa na Kisese kule Kondoa ni miongoni mwa maeneo yaliyotoa shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Jennifer Miller na Yiming Wang walipima shanga zaidi ya 1,500 za mashariki na kusini mwa Afrika, wakakuta kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita watu waliotengwa na kilomita 3,000 walitengeneza shanga za namna moja. Walijuana, ana kwa ana au kwa kupitia majirani wa majirani.

Wingi wa tofauti za vinasaba uliobaki Afrika una faida hata hospitali. Watafiti wa Dallas, Marekani, waligundua kwamba kama 2 au 3 katika kila Wamarekani weusi 100 wamerithi badiliko katika jeni iitwayo PCSK9 linaloshusha lehemu mbaya katika damu, na maradhi ya moyo huwapata kwa nadra. Kwa Wazungu badiliko hilo ni adimu sana. Ugunduzi huo ulichochea kutengenezwa kwa dawa zilizoidhinishwa kuanzia mwaka 2015. Hata hivyo, vinasaba vingi vilivyosomwa duniani mpaka leo ni vya watu wa asili ya Ulaya, na gunia bado liko huku.

Ramani ya maeneo niliyoyataja ipo mezani, mwenye kutaka nakala ya darasa lake achukue. Karibuni kwa maswali.