Ukiomba Dawa, Utaletewa Dawa

Shikamooni wazee wangu. Walimu, wanafunzi, na ninyi ndugu zangu wakulima mlioamka na giza kuja hapa Mbeya kutoka Rungwe na Mbozi na baridi hii ya Juni: ndaga fijo, asanteni sana.

Mimi ni mkutubi. Kwa miaka mingi mtu alikuja mezani kwangu akasema, "Naomba kitabu cha viazi." Sikukimbilia rafu. Nilimuuliza kwanza, "Viazi vimefanyaje?" Swali hilo dogo ndiyo kazi yenyewe ya ukutubi. Sasa watu wanaiuliza simu, na simu haikuulizi viazi vimefanyaje. Unachoandika ndicho inachoondoka nacho.

Msimu wa mvua uliopita kijana mmoja wa Isyonje aliniletea mche wa kiazi mviringo, ameufunga kwenye gazeti. Majani bado ya kijani kabisa, lakini yamelala kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Shamba lilikuwa linamnyaukia mche mmoja mmoja. Alikuwa ameshaandika kwenye Google "dawa ya viazi kunyauka", akaletewa picha za chupa, bei na namba za simu. Akanunua, akapulizia mara tatu. Viazi vikaendelea kufa, na hela aliyoiweka kwa ajili ya ada ya mdogo wake ikaishia humo.

Simlaumu. Wengi wetu tungefanya vilevile. Ila litazameni lile neno la kwanza aliloandika: dawa. Kabla hajajua kinachoua viazi vyake, alikuwa ameshaamua kwamba jibu ni dawa. Mtambo wa kutafuta, yaani Google, ukamtii. Ukamtolea kurasa za dawa, na wenye haraka ya kuandika kurasa za dawa ni wauza dawa.

Tulikaa naye, tukaanza upya. Safari hii tukaandika tulichokiona kwa macho: viazi mviringo, mche unanyauka ghafla, majani ya kijani. Jibu tuliliacha kwanza, tukatafuta jina. Baada ya kurasa mbili tatu tukakutana nalo: mnyauko bakteria. Tukatafuta mara ya pili kwa jina hilo, na mara ya tatu kwa jina la kisayansi la bakteria mwenyewe, Ralstonia solanacearum, ambalo ni lilelile kwa mtafiti wa kilimo wa hapa Uyole, wa Kenya na wa Peru. Hapo zikafunguka kurasa za watu wanaoujua ugonjwa. Mojawapo ikasema: kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise. Tukaazima glasi ya chai kwa mama ntilie. Dakika chache tu, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka pale tulipokata. Kijana alizitazama, hakusema neno. Ugonjwa huo hautibiki kwa kupulizia. Unang'oa miche iliyougua, unatafuta mbegu safi, na lile shamba unalipa zao la jamii nyingine, mahindi kwa mfano, kabla ya kurudisha viazi. Habari hiyo ilikuwepo mtandaoni siku ileile aliponunua chupa.

Niseme kidogo mtambo unavyofanya kazi, maana ukiujua utaacha kuuogopa. Ukibonyeza kutafuta, Google haianzi kuzunguka dunia muda huo. Ilishazunguka. Programu zake hupita kwenye kurasa usiku na mchana, zikasoma na kutengeneza faharasa, kama ile iliyo mwishoni mwa kitabu: neno hili liko ukurasa huu. Wewe unatafuta ndani ya faharasa hiyo. Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford kule Marekani walioanzisha kampuni mwaka 1998, waliongeza wazo la kuupima ukurasa kwa kuangalia kurasa nyingine zinazouelekezea. Siku hizi mitambo hujitahidi kukisia maana pia. Lakini kwa Kiswahili, kwa nilivyoona mimi kazini, maneno yako bado yanabeba mzigo mkubwa.

Basi jiulizeni: aliyeandika hiki ninachokitafuta, yeye alikiitaje?

Walimu wa historia, hili ni lenu. Mwanafunzi akiandika "historia ya Tukuyu" anaweza kujikuta anasoma habari za timu ya mpira ya Tukuyu Stars na ubingwa wao wa ligi wa 1986. Ni historia yetu na tunajivunia, lakini siyo aliyotumwa. Aandike Tukuyu, aache nafasi, kisha alama ya kutoa iliyogandana na neno Stars: Tukuyu -Stars. Mtambo utaziondoa kurasa zenye neno hilo. Na akitaka enzi ya Wajerumani, jina Tukuyu halitamfikisha mbali, kwa sababu wao mji ule waliuita Neu-Langenburg. Ndugu zetu wa Iringa wana shida hiyohiyo. Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, katika maandishi mengi ya Kijerumani ameandikwa Quawa. Anayetafuta habari za fuvu lake, lililotajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 na kurudishwa mwaka 1954, ajaribu majina yote mawili. Mzee mmoja alikaa hapa siku nzima na jina moja, akaondoka mikono mitupu. Nililijua lile la pili baadaye, na inaniuma mpaka leo.

Vifaa vingine nitavipitia haraka, mtavizoea kwa mkono. Maneno ukiyafungia ndani ya alama za mtajo (" "), yanatafutwa yakiwa yamefuatana hivyohivyo. Inafaa sana kwa majina ya watu na mistari ya shairi. Ukiandika site, nuktapacha, halafu go.tz bila kuacha nafasi, unapata kurasa za serikali yetu peke yake. Weka ac.tz, unapata za vyuo. Ukiongeza filetype:pdf zinakuja nyaraka zenyewe: miongozo, ripoti, mitaala. Kwa mwenye bando la kuhesabu, hii inaokoa fedha.

Ukishapata, usiamini haraka. Matokeo ya juu kabisa mara nyingi yamelipiwa, na yana alama ndogo inayosema hivyo, isomeni. Angalieni tarehe: tangazo la bei ya mbolea ya ruzuku la msimu uliopita linaweza kukufikisha dukani na hela pungufu. Na siku hizi juu ya ukurasa linatokea jibu lililoandikwa na akili mnemba, limepangika vizuri, linasomeka kwa utamu. Mimi hulitumia kupata majina tu, kama lile la mnyauko. Kipimo cha dawa, cha shambani au cha mtoto, sikichukui hapo kamwe. Nafungua ukurasa lilikotoka, naangalia nani kauandika, kisha naacha ukurasa wenyewe na kutafuta wengine wanasema nini kumhusu. Muuzaji hatakuandikia kwamba bidhaa yake haifai.

Yule kijana amenipigia wiki iliyopita. Lile shamba amelipanda mahindi. Anataka kujua mbegu safi ya viazi aitafute kwa maneno gani, nami nimemrudishia swali langu la mezani: mwenye kuizalisha, yeye anaiitaje?

Sasa toeni simu zenu. Kila mmoja aandike jambo moja linalomsumbua nyumbani, bila kuweka jibu ndani yake. Mama uliyejifunga kitenge cha bluu, nimeuona mkono wako tangu nilipokuwa kwenye viazi. Karibu, tuanze na lako.