Jerry Rice na Mpira Ambao Hakuudaka

Ndugu zangu, nashukuru kwa kunikaribisha. Mlitaka nizungumzie wadakaji wa mpira wa Kimarekani, wale wanaokimbia mbele ili wadake mpira unaorushwa na mwenzao, nami nimemchagua mmoja tu, maana huyu peke yake angetukesha hapa mpaka asubuhi. Ni Jerry Rice, na nitaanza na mpira ambao hakuudaka.

Tarehe 22 Januari 1989, Miami, Super Bowl, yaani fainali ya ligi ya mchezo huo Marekani. San Francisco 49ers, timu ya Rice, wako nyuma ya Cincinnati Bengals, 16 kwa 13. Zimebaki dakika tatu na ushei, na mbele yao kuna yadi 92 mpaka mstari wa mwisho wa wapinzani. Kwotabeki, yaani mrushaji wa mpira, Joe Montana anawavusha kidogo kidogo. Katika safari hiyo Rice anadaka mara tatu, mara moja akichukua yadi 27 wakati mambo yamekwama kabisa. Sasa zimebaki yadi 10. Rice anaondoka kwenye nafasi yake, anakatiza uwanja, macho ya mabeki yanamfuata. Montana anamrushia John Taylor. Tachidauni! Mpira umevuka mstari wa mwisho, na saa inaonyesha zimebaki sekunde 34.

Siku ile Rice alidaka mipira 11 kwa yadi 215, akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Mimi lakini kila nikiirudia mechi ile, kinachonishika ni ule mwendo wake mfupi bila mpira. Jamani, mdakaji hushika mpira mara chache mno katika mechi nzima. Muda uliobaki anapita njia, yaani mbio zilizopangwa kabla. Kila njia ina hatua zake za kuhesabu, na kwotabeki huurusha mpira kabla mdakaji hajageuka, akiamini kwamba mwenzake atafika pale. Ukichelewa hatua moja, mpira ni wa wapinzani. Kazi hiyo hakuna aliyeifanya kwa heshima kama Rice.

Alizaliwa Mississippi mwaka 1962, akakulia kijiji kidogo cha Crawford. Baba yake alikuwa fundi mwashi, na watoto ndio saidia fundi. Ndugu zake humrushia matofali naye huyadaka, kiangazi baada ya kiangazi. Hadithi hii wengi huisimulia kama sababu ya mikono yake. Naikubali, ila nadhani la maana zaidi ni kwamba tofali halingoji uwe tayari.

Akasoma Mississippi Valley State, chuo cha watu weusi kilichopo Itta Bena, ambako timu ya kocha Archie Cooley ilirusha mpira wakati wengine bado wanakimbia nao. Mwaka 1984, kwotabeki akiwa Willie Totten, Rice alidaka tachidauni 27. Hata hivyo timu kubwa zilisita, kwa sababu kwenye majaribio ya mbio zinazopimwa kwa saa hakuwa mwepesi wa kutisha. Mwaka 1985, timu za ligi zilipochagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, wachezaji 15 walichaguliwa kabla yake, wawili kati yao wadakaji. Mmoja alikuwa Eddie Brown, na waliomchukua ni Bengals, wale wale walioshindwa baadaye kule Miami. Kocha wa 49ers, Bill Walsh, akabadilishana zamu za kuchagua na timu ya New England ili asimkose kijana wa Itta Bena.

Msimu wa kwanza aliangusha mipira mingi, mashabiki wakamzomea. Mwaka wa pili alipata yadi 1,570. Wa tatu, katika mechi 12 tu, alidaka tachidauni 22. Katikati ya hapo kuna kilima. Kipo San Carlos, kusini mwa San Francisco, njia ya kama kilomita 4 ya kupanda. Roger Craig, mchezaji mwenzake, ndiye aliyempeleka huko, na Rice akakifanya kuwa ibada. Mazoezini akidaka mpira wa yadi tano, alikimbia nao mpaka mwisho wa uwanja, kila mara, hata kama hakuna aliyemfukuza. Ndiyo maana kwenye mechi hawakumpata: kasi yake ya dakika ya kwanza ilikuwa ile ile ya dakika ya mwisho.

Mwaka 1997 goti lilichanika katika mechi ya kwanza ya msimu. Akarudi Desemba mwaka ule ule, akaumia tena, akarudi tena. Januari 2003, akiwa na miaka 40 na jezi ya Oakland Raiders, alifunga tachidauni ya yadi 48 kwenye Super Bowl, ingawa timu yake ilishindwa.

Jumla ya yadi alizopata kwa kudaka katika ligi ni 22,895. Nilizigeuza kwa kilomita: karibu 21, ni kama nusu marathoni, na kila yadi kuna mtu mzima anataka kukuangusha. Anayemfuata katika orodha ya wakati wote, Larry Fitzgerald, ana 17,492.

Mwaka 2010 aliingia katika jumba la mashujaa wa mchezo huo. Lakini kama mtu akiniuliza kumbukumbu ipi naipenda, nitamwelekeza Itta Bena, kwenye uwanja wa chuo chake. Unaitwa Rice-Totten: jina la mdakaji na jina la aliyemrushia.