Mlinganyo Usio na Mita Wala Sekunde

Walimu wenzangu, wanafunzi, na wageni wetu mliofika kutoka Mikindani na Lindi, tuanze na nazi inayodondoka mnazini. Uzito wake, mg, unaivuta chini, na hewa inaizuia kwa kani inayokua kwa mraba wa kasi, hivyo tunaandika m(dv/dt) = mg − kv², ambapo v ni kasi, t ni muda, na dv/dt ni jinsi kasi inavyobadilika kwa muda. Humo mna tungamo m, mvuto wa dunia g, na k inayobeba umbo la nazi pamoja na msongamano wa hewa, kila moja na vipimo vyake. Ukiulizwa kuhusu jani la mkorosho, hesabu inaanza upya.

Sasa tuziweke kando mita na sekunde, tutafute vipimo ndani ya mlinganyo wenyewe. Kizuizi cha hewa kikilingana na uzito, kasi haiongezeki tena; kasi hiyo ya mwisho ni V = √(mg/k), na tukiigawa kwa g tunapata muda, T = V/g. Tuandike v = Vu na t = Ts, ambapo u na s ni namba tupu. Tukigawa pande zote kwa mg, kinachobaki ni du/ds = 1 − u². Mtu yuko huru kuchagua V nyingine na hatakosea, ila herufi hazitamtoka.

Mchoro wa jibu ni mmoja, uwe na nazi au jani. Kinachotofautiana ni mahali kila kimoja kilipo juu yake. Kwa nazi ya kilo moja na nusu, V ni takriban mita 40 kwa sekunde, na umbali V²/g, yaani V mara T, ambao ni kipimo cha safari inayohitajika kuikaribia kasi ya mwisho, unakaribia mita 160. Hakuna mnazi mrefu kiasi hicho, kwa hiyo nazi hutua ikiwa bado mwanzoni mwa mchoro, na anayeipuuza hewa hapotei sana. Jani lenye kasi ya mwisho ya mita 1 kwa sekunde, tukiacha kupepea kwake, umbali wake ni sentimita 10 tu: karibu safari yake yote ni ya kasi ileile.

Si kila mlinganyo hukubali kuvuliwa herufi zote; mwingine hubakiwa na namba moja. Mwaka 1883, mhandisi Osborne Reynolds wa Manchester, Uingereza, alipitisha rangi katika maji yaliyotiririka kwenye mirija ya kioo, akaona kwamba utulivu au mvurugiko unategemea namba moja: kasi mara kipenyo mara msongamano, kugawa kwa mnato. Mhandisi wa bomba la gesi la inchi 36 liendalo Dar es Salaam kutoka hapa Mtwara huikokotoa namba hiyohiyo, ingawa bomba lake halina maji wala rangi.