Kuchagua na Kufunga Ekzosi ya MGB

Kabla hujalipia ekzosi mpya ya MGB, gari la michezo la zamani la Uingereza, fungua boneti na utazame ubavuni mwa silinda hedi. Injini ya 1798 cc ina silinda nne, lakini matundu ya moshi ni matatu tu, kwa kuwa silinda ya pili na ya tatu zinatumia tundu moja la katikati.

Hatua ya kwanza ni manifoldi, yaani kipande kinachokusanya moshi kutoka kwenye hedi. Kama kemshafti na hedi ni za kiwandani, bakiza manifoldi ile ile ya chuma cha kusubu. Inapitisha moshi vizuri kuliko wengi wanavyodhani, na pesa yako itafanya kazi zaidi kwingine. Injini ikishaboreshwa, hapo tafuta manifoldi ya mabomba yenye mkono mrefu wa katikati.

Ukiinunua, usiifunge kabla ya kupima unene wa flenji zake (bapa za kufungia kwenye hedi) kwa kalipa, kisha upime za manifoldi ya hewa. Washa (pete za chuma) nene zilizopo pale manifoldi hizi zinapokutana zinakandamiza flenji zote mbili kwa pamoja. Upande mmoja ukiwa mnene zaidi, washa inakaa mshazari, upande mwembamba haubanwi, na gasketi inaungua. Watu hubadilisha gasketi mara tatu wakidhani ni mbovu! Peleka flenji nene ichongwe hadi zilingane. Kwenye gari la usukani wa kushoto, hakikisha pia bomba haligusi fimbo ya usukani.

Hatua ya pili, kipenyo. Milimita 45 zinaitosha injini ya kawaida. 50 ni za iliyoboreshwa. Bomba pana kupita hapo linapunguza kasi ya moshi, na gari linakuwa zito kuondoka.

Sailensa, yaani vizuia kelele: chukua mfumo wenye mbili. Ule wa moja unanguruma vizuri gari likiwa limesimama, ila safari ndefu mvumo wake unachosha.

Kwa chuma, kama utalitunza gari miaka mingi, chagua cha pua cha daraja la 304. Cha 409 ni cha bei nafuu zaidi, sumaku hukishika, na hupata kutu ya juujuu.

Sasa kufunga. Injini iwe imepoa, gari likae juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake. Nati sita zinazoshika bomba la mbele zinyunyizie mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake. Ukizilazimisha, stadi (msumari wa nyuzi unaoshika nati) inakatika. Weka nati mpya za shaba, maana hazigandi. Ning'iniza mfumo wote ukiwa umelegea, zungusha kila kipande mpaka kiwe mbali na bodi kama milimita 25, ndipo ukaze kuanzia mbele kwenda nyuma. Mpira wa kuning'inizia ukivutika upande, ujue kiungo fulani kimekaa vibaya. Kilegeze na ukipange upya.

Washa injini, ziba mdomo wa nyuma kidogo kwa kitambaa kinene, usikilize mlio wa moshi unaovuja kwenye viungo. Baada ya safari ya kwanza, ikipoa, kaza tena nati zote.

Mwisho, endesha kilomita kadhaa na uchomoe plagi. Zikiwa nyeupe, mafuta ni machache: kwenye kabureta za SU za aina ya HS, teremsha jeti (kijibomba cha mafuta) kwa nati ya chini, ukiizungusha upande mmoja wa nati kwa wakati, kabureta zote mbili sawasawa. Rangi unayoitaka ni kahawia.