Sakafu Iliyo Chini ya Changarawe: Mhadhara Juu ya Udongo wa Jangwani Wenye Tabaka Lililoganda

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wetu waheshimiwa, walimu wenzangu, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko wa jioni hii hapa Lamu. Nimeombwa nizungumzie udongo wa jangwani, nami nimechagua aina moja tu, ile yenye kina kifupi na changarawe tele, ambayo chini yake pana tabaka lililoganda likawa gumu hata jembe haliingii. Hoja nitakayoitetea ni kwamba tabaka hilo, kwa sehemu kubwa, halikutoka katika mwamba wa chini. Limejengwa kutoka juu, kwa vumbi na mvua haba, katika muda mrefu mno, na kila anayelima, kufuga au kujenga juu yake anapaswa kulijua hilo kabla hajainua sululu.

Huenda baadhi yenu mnajiuliza jangwa linatuhusu nini sisi watu wa pwani. Jibu langu ni kwamba nchi kavu haiko mbali nasi. Barabara inayotoka Lamu kupitia Ijara kuelekea Garissa inaingia katika ardhi ya ukame, na mbele zaidi, kaskazini mashariki mwa Kenya, kuna maeneo makubwa yenye udongo uliojaa chokaa. Vijana wetu watafanya kazi huko, wengine wakiwa mafundi wa barabara na wengine wakiwa maafisa wa kilimo.

Kwanza lazima niondoe mkanganyiko mmoja, kwa sababu mkazi wa Lamu au wa Malindi akichimba shimo na kukuta jiwe jeupe karibu na uso wa ardhi, anaweza kudhani kuwa tayari analijua tabaka ninalolisema. Jiwe letu ni matumbawe ya kale, yaliyojengwa na viumbe vya baharini wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Madini yake makuu, kalsiamu kaboneti, yaani chokaa ninayoisema jioni hii, ndiyo hayohayo yanayopatikana katika tabaka la jangwani, na yote mawili hutoa povu yakidondoshewa tindikali. Hata hivyo, asili zao zimeachana kabisa, maana matumbawe yalikuwepo kabla ya udongo unaoyafunika, ilhali tabaka la jangwani lilizaliwa ndani ya udongo wenyewe.

Sasa tuutazame udongo huo. Wataalamu huuhesabu kuwa wa kina kifupi pale mizizi inapokutana na kizuizi kabla ya kufika sentimita 50, na katika aina hii kizuizi mara nyingi kiko karibu zaidi ya hapo. Changarawe ni vipande vya mawe vyenye upana wa kati ya milimita 2 na milimita 75, na si ajabu vikachukua zaidi ya theluthi moja ya ujazo wote. Hesabu yake ni nyepesi lakini matokeo yake ni mazito: udongo wa sentimita 30 ambao nusu yake ni mawe una sentimita 15 tu za udongo unaoweza kuhifadhi maji kwa ajili ya mmea. Mboji ni chache mno, kwa kuwa mimea ni michache, na rangi ya udongo kwa kawaida ni kahawia iliyofifia au kijivu.

Juu kabisa, mawe hujipanga yakashikamana hata ardhi ikaonekana kama imesakafiwa. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba upepo uliupeperusha udongo laini na kuyaacha mawe peke yake. Mwaka 1987 Leslie McFadden na wenzake, waliochunguza mtiririko wa lava wa Cima katika jangwa la Mojave huko California, walionyesha njia nyingine: vumbi linaloletwa na upepo hunaswa kati ya mawe, huzama chini yake mvua inaponyesha, na taratibu huyainua mawe yakabaki juu. Ndiyo maana ukilibandua jiwe mahali kama hapo utakuta chini yake udongo laini usio na mawe, wenye vitundu vidogovidogo vya hewa. Mimi naliona jambo hili kuwa ufunguo wa mada yote, kwa sababu vumbi hilo hilo ndilo linalobeba chokaa.

Mvua inapopita hewani na kisha katika udongo wenye mizizi inayopumua, hupata gesi ya kaboni dioksidi na kuwa na tindikali hafifu. Maji hayo huyeyusha kalsiamu kaboneti iliyomo katika vumbi na kuishusha chini. Katika nchi yenye mvua nyingi ingeoshwa mpaka kwenye maji ya chini ya ardhi na kupotelea huko, lakini mvua ya jangwani haina nguvu hiyo. Maji hushuka sentimita kadhaa, kisha hukaushwa na jua au kunyonywa na mizizi, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka huachwa palepale maji yalipokomea. Mwaka unaofuata mambo huwa yaleyale, karibu katika kina kilekile. Mwaka 1934 Hans Jenny na C. D. Leonard walionyesha katika nyanda za kati za Marekani kwamba kadiri mvua ya mwaka inavyopungua, ndivyo tabaka la chokaa linavyokuwa karibu zaidi na uso wa ardhi. Kwa hiyo kina cha tabaka ni alama ya mahali mvua inapoishia, ingawa mtu asikisome kwa haraka, kwani matabaka mengi ni ya kale na yamepitia nyakati zilizokuwa na mvua nyingi kuliko ya leo.

Mafundi wa mji huu wanajua jinsi sakafu ya nyumba ya mawe inavyotengenezwa: juu ya boriti hupangwa mawe, kisha kokoto za matumbawe na chokaa humwagwa na kupigwa kwa vipande vya mti mpaka vikashikana. Jangwani vifaa ni hivyo hivyo, mawe na chokaa, isipokuwa kazi ya fundi imefanywa na maji yanayoshuka na kukauka, yakashuka tena na kukauka tena.

Hatua za ujenzi huo zilielezwa mwaka 1966 na Leland Gile, Frederick Peterson na Robert Grossman, waliofanya uchunguzi wao karibu na Las Cruces, jimbo la New Mexico, ambako mvua ya mwaka ni kiasi cha milimita 200 hadi 250. Katika udongo wa changarawe, hatua ya kwanza ni utando mwembamba mweupe chini ya mawe, upande ambao tone la maji hukaa kwa muda kabla ya kukauka. Katika hatua ya pili utando huo huyazunguka mawe na kuanza kuyaunganisha. Katika ya tatu nafasi zote zilizo kati ya mawe huzibwa. Katika ya nne, maji yakiwa hayana tena pa kupita, hutuama juu ya kizibo na kuacha chokaa katika karatasi nyembamba zilizolaliana, laini na ngumu, na hapo sakafu imekamilika. Jambo ambalo wasikilizaji wangu wengi hawalitarajii ni kwamba changarawe huharakisha safari hii. Palipo na mawe mengi nafasi ya kuzibwa ni ndogo, hivyo udongo wa changarawe huziba baada ya makumi ya maelfu ya miaka, wakati udongo laini usio na mawe huhitaji mamia ya maelfu.

Ushahidi kwamba chokaa hutoka juu ni wa wazi. Matabaka haya yamekutwa ndani ya changarawe inayotokana na miamba iliyo na kalsiamu kidogo sana, ambayo kamwe isingeweza kutoa chokaa yote hiyo. Tena mwaka 1999 Rosemary Capo na Oliver Chadwick, kwa kulinganisha isotopu, yaani atomi za aina moja zinazotofautiana kwa uzito, za strontiamu, madini yanayofuatana na kalsiamu, walithibitisha huko New Mexico kwamba sehemu kubwa ya kalsiamu ya tabaka ililetwa na vumbi na mvua.

Iko pia jamaa ya tabaka hili inayoshikwa na silika, madini yanayounda mchanga mweupe na kioo, badala ya chokaa, hasa palipoangukiwa na majivu ya volkano, kwa sababu kioo cha majivu hutoa silika kwa urahisi. Hiyo haivunjwi na tindikali peke yake.

Nije kwenye maji, jambo linalomgusa kila mtu. Hapa Lamu tunakunywa maji ambayo vilima vya mchanga vya Shela vimeyapokea kutoka mbinguni na kuyahifadhi chini. Udongo wenye sakafu hauna uwezo huo. Mvua kubwa ikipiga, sentimita chache za juu hujaa upesi, na yanayobaki hutiririka. Mizizi ikifika kwenye sakafu hugeuka na kutambaa ubavuni ikitafuta ufa. Lakini tusiseme kwamba sakafu ni tupu. Mwaka 2007 Michael Duniway, Jeffrey Herrick na Curtis Monger, wakifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Jornada huko New Mexico, walionyesha kwamba tabaka lenyewe lina vinyweleo vinavyonyonya maji mengi na kuyaachia mimea polepole wakati wa kiangazi. Vichaka vya jangwani huishi kwa akiba hiyo, ila mahindi hayawezi kuisubiri.

Mkulima atakutana na shida nyingine pia. Chokaa huufanya udongo uwe na alkali, kwa kawaida pH (kipimo cha tindikali na alkali, ambapo 7 ni katikati) ya karibu 8, na katika hali hiyo madini ya chuma, zinki na fosforasi huwa magumu kwa mmea kuyapata, majani yakawa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Akinyweshea kupita kiasi, maji hutuama juu ya sakafu, na yakikauka huacha chumvi. Wajenzi, kwa upande wao, wana sababu ya kulithamini tabaka hili, kwani Botswana na Namibia zimejenga barabara nyingi kwa kifusi chake. Ninachowasihi wahandisi wetu ni kwamba wanapochimba kifusi wasikwangue ardhi pana kuliko wanayoihitaji. Mawe ya juu ndiyo yanayonasa vumbi na kuuzuia udongo usipeperuke, na yakiondolewa, udongo uliojikusanya kwa maelfu ya miaka unaweza kupotea katika misimu michache tu.

Kwa hiyo ninamshauri kila anayetaka kupanda miti katika ardhi ya namna hii achimbe shimo la majaribio kwanza. Akifika penye ugumu, achukue kipande kilichokauka na kukiloweka katika maji usiku kucha. Kikimeguka, huo ni udongo wa mfinyanzi uliokauka tu, na jembe litatosha. Kikibaki kizima, akisage kidogo na kukikamulia ndimu, na povu likitoka atajua kuwa ameshikwa na chokaa. Hapo ndipo atafute mtaimbo, atoboe sakafu mpaka upande wa pili, kisha alijaze shimo maji na kulitazama siku ya pili. Kama maji bado yamo, asipande mti hapo.