Geuza Nguo Kwanza: Kuchagua Mitumba ya Kizamani Nairobi

Mabibi na mabwana, mada yetu leo ni nguo za kizamani, zile ambazo vijana wa Nairobi huzitoa soko la Gikomba, wakazifua, wakazipiga picha na kuziuza mtandaoni kwa bei isiyofanana hata kidogo na ya sokoni. Nina neno moja la kuwaambia: jina lililoandikwa kifuani lisikutie kiwewe. Geuza nguo ndani nje, uisome.

Tuanze na soko. Robota la mitumba la kawaida lina kilo 45. Likikatwa kamba, wenye maduka huwa wameshalizunguka. Hao huondoka na kamera, yaani chaguo la kwanza. Kinachobaki hushuka bei kadiri siku inavyokwenda, mpaka kiwe fagia, yaani masalia. Anayetaka nguo inayong'aa kama mpya akifika alasiri amechelewa. Wewe mtafutaji wa vya kale huna haja ya kukimbizana naye, kwa kuwa wachaguzi wa kamera hutaka mtindo wa sasa, na koti la sufu lenye mabega mapana ya miaka ya 1980 huachwa chini ya rundo. Ukienda soko la Toi utazikuta nguo nyingi zimeshachambuliwa na kutundikwa. Hapo utalipia macho ya mtu mwingine.

Sasa lebo. Marekani ilianza kulazimisha lebo za maagizo ya kufua mwaka 1972, kwa hiyo nguo ya huko yenye lebo hiyo kwa kawaida ni ya baadaye. Lebo ya ILGWU, chama cha Marekani cha wafanyakazi wa mavazi ya wanawake, yenye nyekundu, nyeupe na bluu ni ya kati ya 1974 na 1995. Iliyoandikwa “Made in West Germany” imetoka kabla ya Ujerumani kuungana mwaka 1990. Fulana yenye mshono mmoja tu kwenye upindo wa mkono huelekea kuwa ya katikati ya miaka ya 1990 au kabla.

Dalili moja haitoshi, na hapa ndipo wengi hupigwa. Kibendera chekundu cha Levi's kiliandikwa jina kwa herufi kubwa tupu, E ikiwamo, hadi 1971. Lakini kampuni yenyewe hutengeneza upya mitindo yake ya zamani, na E hiyo hurudi nayo. Tazama pia lebo ya ndani, zipu na uzi. Vyote vitoe ushahidi mmoja.

Kisha kagua ubovu. Inua suruali juani utazame msamba: mwanga ukipenya, kitambaa kimelika, na kiraka kitachanika pembeni mwake. Vuta lastiki ya kiuno karibu na sikio. Ikitoa sauti ya kukatika-katika, imekufa. Fundi ataibadilisha, ila uikate kwenye bei. Zipu ipandishe na kuishusha mara tatu. Kichwa kilicholegea hubadilishwa kwa pesa kidogo, ilhali jino likitoka, zipu nzima ing'olewe.

Koti la ngozi bandia ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Likunje kwenye kola. Ukiona nyufa ndogo, au likinata vidoleni, liache hata ukipewa bure. Ile tabaka ya plastiki huvunjwa na unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na hakuna mafuta wala rangi ya kulirudisha. Soli za raba za zamani hupatwa na jambo hilo hilo: zinaonekana nzima, unatembea nazo barabara mbili, zinamomonyoka.

Namba za saizi zisahau; 12 ya kike ya Marekani ya zamani ni ndogo kuliko 12 ya leo. Tandaza nyumbani shati linalokukaa vizuri, pima kwapa hadi kwapa, andika, uende na futi ya fundi mfukoni. Ukubwa hupunguzwa. Udogo hauongezwi, isipokuwa ndani ya upindo mna kitambaa cha akiba.

Mwisho, madoa ya njano kwapani. Usiyamwagie Jiki, yatazidi. Kama ni pamba nyeupe, loweka nusu saa katika sehemu 1 ya siki nyeupe kwa 2 za maji ya vuguvugu, sugua kwa sabuni, suuza. Nguo ya sufu ifuliwe kwa maji baridi peke yake, bila kusokotwa, na ikaushwe ikiwa imetandazwa.